Robert Plant baada ya Led Zeppelin: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila "Stairway to Heaven" inapopigwa redioni usiku, hakosi mtu wa kuuliza: huyu mwimbaji alikwenda wapi? Ana haki ya kuuliza. Bendi ilikufa mwaka 1980, na mwenyewe bado anaimba mpaka leo. Nimekusanya hapa maswali yanayorudiwa zaidi, nikaanza na ya msingi na kumalizia na yale ya wabishi. Si lazima usome yote kwa mfuatano. Jibu linapogusa jingine, nimekuelekeza.

## Kabla na wakati wa kuvunjika

Robert Plant ni nani hasa?

Ni Mwingereza, mzaliwa wa West Bromwich, tarehe 20 Agosti 1948. Eneo hilo la katikati ya Uingereza ni la viwanda na migodi, na wenyeji wake wana lafudhi ambayo watu wa London huicheka. Alianza mafunzo ya uhasibu, akayaacha mapema ili aimbe blues. Mwaka 1968 mpiga gita Jimmy Page alikuwa anatafuta mwimbaji wa bendi mpya. Chaguo lake la kwanza lilikuwa Terry Reid. Reid akakataa, akamwelekeza kwa Plant, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 19 asiyejulikana nje ya mitaa ya kwao. Plant naye akamleta rafiki yake wa siku nyingi, mpiga dramu John Bonham. Wakiongezwa Page na mpiga besi na kinanda John Paul Jones, ndiyo ikawa Led Zeppelin.

Led Zeppelin ilivunjika lini, na kwa nini?

Bonham alifariki tarehe 25 Septemba 1980 nyumbani kwa Page, akiwa na miaka 32. Siku iliyotangulia walikuwa mazoezini wakijiandaa kwa ziara ya Marekani, na alikuwa amekunywa vodka kupita kiasi, alifia usingizini. Tarehe 4 Desemba ikatolewa taarifa fupi kwamba waliobaki hawawezi kuendelea kama walivyokuwa. Basi. Hawakugombana, hawakupelekana mahakamani, hawakufanya onyesho la kuaga.

Ila ukitaka kumwelewa Plant, rudi nyuma kidogo kabla ya hapo. Mwaka 1975 aliumia vibaya katika ajali ya gari kisiwani Rhodes, Ugiriki, na albamu iliyofuata aliiimba akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Julai 1977, bendi ikiwa ziarani Marekani, alipigiwa simu kwamba mwanawe Karac, mtoto wa miaka mitano, amefariki kwa maradhi ya tumbo ya ghafla. Ziara ikakatwa. Plant akarudi nyumbani, na kwa muda alifikiria kuachana na muziki akasomee ualimu. Aliyemshawishi arudi ni Bonham. Miaka mitatu baadaye Bonham mwenyewe akaondoka. Ninaposoma mashabiki wakilalamika kwamba Plant "hataki tu" kuifufua bendi, hapa ndipo ninapowataka waanzie.

Mbona hawakutafuta mpiga dramu mwingine?

Wengine walifanya hivyo. The Who walimpoteza Keith Moon mwaka 1978 wakaendelea na mtu mwingine. AC/DC walimpoteza mwimbaji Bon Scott mwaka huohuo wa 1980 na kabla mwaka haujaisha walikuwa na albamu mpya sokoni. Kwa sisi tuliokulia na muziki wa dansi, hata swali lenyewe linashangaza. Muhidin Gurumo alipita NUTA, Mlimani Park na Safari Sound, na hakuna aliyeona ajabu bendi kuendelea bila yeye. Kwetu bendi ni nyumba: wapangaji wanahama, nyumba inabaki.

Led Zeppelin haikuwa nyumba ya namna hiyo. Tangu 1968 mpaka 1980 haikubadilisha mtu hata mmoja, na upigaji wa Bonham ndio uliokuwa msingi wa kila wimbo. Kwa Plant kulikuwa na zaidi: yeye na Bonham walikuwa marafiki tangu utotoni mwao katika muziki, walishapiga pamoja kwenye bendi ndogo iliyoitwa Band of Joy kabla Page hajawajua. Kuweka mtu mwingine kwenye kile kiti kungekuwa kama kuoa siku ya arobaini.

## Kuanza upya, 1981 hadi 1993

Albamu yake ya kwanza ya kujitegemea ni ipi?

*Pictures at Eleven*, ya Juni 1982. Ilitoka chini ya Swan Song, lebo ya Led Zeppelin yenyewe iliyokuwa ikielekea kufa. Mpiga gita alikuwa Robbie Blunt, mtu wa kwao, asiye na haja ya kujifanya Page. Gita lake ni jembamba, lenye nafasi ndani yake. Mwaka uliofuata ikaja *The Principle of Moments*, safari hii chini ya lebo yake mwenyewe, Es Paranza. Humo mna "Big Log", wimbo wa taratibu wa mtu anayeendesha gari usiku, ulioingia 20 bora za Marekani. Hauna mayowe hata kidogo. Shabiki wa Zeppelin aliyenunua ile santuri akitegemea kupasuliwa masikio nadhani aliigeuza mara mbili kuhakikisha jina.

Ni kweli Phil Collins ndiye aliyepiga dramu?

Kweli, katika nyimbo nyingi za albamu hizo mbili, na akaenda naye ziarani Marekani mwaka 1983. Wakati huo Collins alikuwa na Genesis na pia alishatoka kivyake kwa mafanikio makubwa, kwa hiyo hakuhitaji kazi ya kupigia mtu mwingine. Alikuwa akimhusudu Bonham. Plant amesema mara kadhaa kwamba moyo aliopewa na Collins ndio uliomsimamisha jukwaani siku zile. Hili watu hulisahau wanapomzungumzia Collins kwa habari ya tamasha la hisani la Live Aid (tazama sehemu inayofuata).

Kwa nini alikataa kuimba nyimbo za Led Zeppelin?

Katika ziara ya 1983 hakuimba hata mmoja. Alikuwa na albamu mbili tu, na kumbi zimejaa watu waliolipa kwa ajili ya zile nyimbo za zamani, naye akashikilia msimamo. Kibiashara ulikuwa wazimu. Lakini fikiria: angeanza na wimbo mmoja wa zamani, onyesho lingekuwa la huo mmoja, na nyingine zote zingekuwa za kungojea. Alijinyima mkongojo ili ajue kama miguu ipo.

Alilegea mwaka 1988 alipotoa *Now and Zen*. Hapo alikuwa na vijana wapya, akiwemo mpiga kinanda Phil Johnstone, waliokuwa wakipenda Led Zeppelin bila aibu na hawakuelewa kwa nini mwenyewe anaikwepa. Na kulikuwa na jambo lingine: Beastie Boys walikuwa wamekata kipande cha dramu za Bonham na kukirapia juu yake. Plant akaona kama wengine wanakata na kuunga, naye mwenye mali akate. "Tall Cool One" imeungwa kwa vipande vya nyimbo za Led Zeppelin, na juu yake Page mwenyewe anapiga gita. Ni utani wa mtu aliyeacha kuogopa kivuli chake.

The Honeydrippers ni bendi gani tena?

Ni jina alilotumia mwaka 1981 kuzunguka kumbi ndogo akiimba nyimbo za zamani za rhythm and blues, kabla hata hajatoa albamu. Mwaka 1984 jina likafufuliwa kwa santuri fupi yenye nyimbo za zamani, nyingi za miaka ya 1940 na 1950, kwa wazo la Ahmet Ertegun, mwanzilishi wa Atlantic Records. Wapiga gita walikuwa Page, Jeff Beck na Nile Rodgers. Sijui nani mwingine angeweza kuwakusanya hao watatu kwa mchezo. "Sea of Love", wimbo laini wa mapenzi, ukafika nambari 3 Marekani. Ndiyo nafasi ya juu kuliko yoyote aliyopata kwenye chati hiyo, akiwa na Zeppelin au bila Zeppelin. Angetaka kumalizia maisha akiwaimbia wazee hotelini, mlango ulikuwa wazi. Mwaka uliofuata akatoa *Shaken 'n' Stirred*, albamu ya vinanda vya umeme na midundo ya kuvunjikavunjika, ambayo haikupendwa sana na ambayo mimi naona imezeeka vibaya. Lakini hakurudi hotelini.

Albamu za miaka ya 1990 zina thamani?

*Manic Nirvana* ya 1990 unaweza kuiruka. *Fate of Nations* ya 1993 usiiruke. Humo gita za mbao zinarudi, na kuna "I Believe", wimbo aliomwimbia Karac miaka 16 baada ya msiba, bila kilio cha kujionyesha.

## Page, Jones, na ile bendi isiyokubali kuzikwa

Je, waliwahi kupiga pamoja tena?

Mara chache, na mara mbili za kwanza walijuta. Live Aid, tarehe 13 Julai 1985 huko Philadelphia, hawakuwa na mazoezi ya maana. Page gita lake lilikuwa nje ya sauti, Plant koo limekauka, na wapiga dramu walikuwa wawili, mmoja wao Collins aliyekuwa ametua kwa Concorde kutoka London siku hiyohiyo. Kanda ile wameizuia isitiwe kwenye DVD ya tamasha. Mei 1988 wakapiga New York katika sherehe ya miaka 40 ya Atlantic, dramu zikiwa kwa Jason, mwana wa Bonham, nako hakukufaa.

Ya maana ni ile ya 2007. Soma jibu la O2 hapo chini.

Page na Plant walirudiana mwaka 1994. Mbona Jones hakuwemo?

Kwa sababu hawakumwita. MTV walikuwa wamemwalika Plant kwenye kipindi chao cha ala zisizo za umeme; Plant akaona kuimba nyimbo za Zeppelin peke yake hakufai, akamtafuta Page. Wakaitengeneza upya ile kazi: wakaenda Marrakech, Morocco, kurekodi na wanamuziki wa Kignawa wa huko, wakarudi London na kikundi cha Kimisri kilichoongozwa na mpiga ngoma Hossam Ramzy, pamoja na kundi la nyuzi la Kizungu. Albamu ikaitwa *No Quarter*, jina la wimbo ambao kila shabiki anaujua kuwa ni wimbo wa kinanda wa Jones. Hilo lilikuwa jeuri, na sina namna ya kulitetea.

Januari 1995 bendi iliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki. Jones aliposhika kipaza sauti aliwashukuru rafiki zake kwa kukumbuka hatimaye namba yake ya simu. Ukumbi ukacheka, nyuso za wenzake hazikucheka sana.

Page na Plant waliendelea mpaka 1998 walipotoa *Walking into Clarksdale*, albamu ya nyimbo mpya, kisha Plant akaondoka. Kumbuka wimbo mmoja humo, "Please Read the Letter". Utarudi.

Onyesho la O2 lilikuwaje, na mbona halikufuatiwa na ziara?

Tarehe 10 Desemba 2007, katika ukumbi wa O2 London, kwa kumbukumbu ya Ahmet Ertegun aliyefariki mwaka uliotangulia. Page, Plant, Jones, na Jason Bonham kwenye dramu. Inasemekana maombi ya tiketi yalifika milioni 20, kwa ukumbi wa watu wasiozidi elfu 20. Safari hii walifanya mazoezi ya kweli, na ilionekana. Rekodi yake, *Celebration Day*, ilitoka 2012, na mwaka 2014 ikawapa Grammy ya albamu bora ya roki. Bendi hiyo ilipokuwa hai haikuwahi kushinda Grammy hata moja.

Ziara haikufuata kwa sababu Plant alikuwa na shughuli nyingine. Majuma saba kabla ya O2 alikuwa ametoa albamu na Alison Krauss (ina sehemu yake hapo chini), na mwaka 2008 akaenda ziarani na Krauss badala ya Zeppelin. Wenzake walijaribu waimbaji wengine mazoezini, mmoja wao Myles Kennedy, kisha wakaacha. Septemba 2008 Plant akatoa taarifa kwamba hatakwenda ziara na Led Zeppelin. Wapo waliomwita mchoyo. Mimi naona ni mtu aliyeulizwa achague kati ya fedha nyingi mno na wimbo mpya, akachagua kama alivyochagua mwaka 1983.

Anauchukia "Stairway to Heaven"?

Ameuchoka, labda. Aliandika maneno yake akiwa na miaka 22, na amesema wazi kwamba mtu mzima hawezi kuyaimba kila usiku kwa imani ileile. Kuna kisa kinachopendwa: aliahidi mchango kwa kituo cha redio huko Portland, Marekani, kilichokuwa kikichangisha kwa ahadi ya kutoupiga tena wimbo huo. Amekiri mwenyewe kwamba ni kweli. Alieleza kwamba si kwamba haupendi, ila ameshausikia.

Desemba 2012, kwenye heshima za Kennedy Center mjini Washington, Ann na Nancy Wilson wa Heart waliuimba mbele yake, Jason Bonham kwenye dramu na kwaya nzima nyuma. Macho ya Plant yalijaa machozi na kamera ikayanasa. Oktoba 2023 akauimba mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu O2, kwenye hafla ndogo ya hisani ya kuchangia wagonjwa wa saratani nchini Uingereza. Kwa hiyo bei yake inajulikana: msiba au mgonjwa.

Na ile kesi ya wizi wa wimbo?

Warithi wa mpiga gita wa bendi ya Spirit walidai utangulizi wa "Stairway to Heaven" umetoka kwenye wimbo wao "Taurus". Jopo la wazee wa mahakama Los Angeles liliipa ushindi Led Zeppelin mwaka 2016, rufaa ikathibitisha Machi 2020, na Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikakataa kuisikiliza Oktoba mwaka huo. Imekwisha.

## Jangwani, na karibu na kwetu

Ni kweli alikwenda kuimba Mali?

Kweli. Januari 2003 alikwenda Essakane, mchangani karibu na Timbuktu, kwenye Tamasha la Jangwani, pamoja na mpiga gita wake Justin Adams. Walipiga jukwaa moja na Ali Farka Touré, mpiga gita wa Mali, na Tinariwen, bendi ya Watuareg wa jangwani, wakati Ulaya ilikuwa haijawajua sana hao wa pili. Adams ni mmoja wa walioitayarisha albamu ya kwanza ya Tinariwen, basi Plant hakufika kama mtalii wa kupiga picha na ngamia. Na aliyasikia yale aliyokuwa ameyatafuta tangu ujana: blues aliyoipenda kutoka Mississippi, ikiwa katika mavazi ya upande wa pili wa bahari.

Baadaye Juldeh Camara wa Gambia akajiunga na bendi yake, Sensational Space Shifters. Camara hupiga riti, fidla ya uzi mmoja. Sikiliza *lullaby and... The Ceaseless Roar* ya 2014: mahali ambapo zamani ungetegemea gita la Page lilie, inalia riti. Sijasikia mwimbaji mwingine wa roki wa rika lake aliyempa Mwafrika nafasi hiyo hasa, ya kujibizana naye mstari kwa mstari, bila kumweka nyuma apige ngoma.

Nasikia Kiarabu ndani ya sauti yake. Ni mimi tu?

Si wewe tu. Plant alikwenda Morocco mara nyingi tangu miaka ya 1970, na huko ndiko alikomsikia Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, redioni. Maneno ya "Kashmir" aliyaanza mwaka 1973 akiendesha gari jangwani kusini mwa Morocco. Kashmir yenyewe alikuwa hajaiona. Mtu wa Unguja, Mombasa au Lamu akiusikia wimbo ule, hasa ule wa 1994 wenye fidla za Kimisri zinazokwenda pamoja kama kundi moja la ndege, hashangai. Orkesta za taarab za Zanzibar zilijifunza kwa Wamisri haohao. Babu zetu na Plant walikuwa wakisikiliza redio moja, ingawa wao walitangulia.

Siyo kwamba anaimba kwa maqam, ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama msomi. Anainamisha noti mwishoni mwa mstari na kuitikisa, basi. Inatosha.

Ana uhusiano wowote na Freddie Mercury wa Zanzibar?

Kwanza tuondoe kosa linalorudiwa: Queen haikuvunjika. Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alitoa albamu yake mwenyewe mwaka 1985 akiwa bado ndani ya bendi, na alibaki nayo mpaka kifo chake Novemba 1991. Kwa hiyo hawezi kuwa mfano wa mada hii.

Ila uhusiano upo. Tarehe 20 Aprili 1992, kwenye tamasha la kumkumbuka Wembley, Plant alisimama na Queen akaimba "Innuendo", wimbo ambao wenyewe umeathiriwa na "Kashmir", akachomekea na mistari ya "Kashmir" humo. Halafu akaimba "Crazy Little Thing Called Love". Ile "Innuendo" haikumridhisha, na kwa ombi lake haimo kwenye DVD. Wimbo wa Mzanzibari umemshinda, tumruhusu.

## Alison Krauss

Mwimbaji wa roki na mpiga fidla wa bluegrass walikutanaje?

Mwaka 2004, Cleveland, kwenye onyesho la kumuenzi Lead Belly, mwimbaji wa blues wa zamani. Krauss alikuwa ameshabeba Grammy nyingi kwa muziki wa milimani wa Marekani, ule wa banjo na fidla, na sauti yake ni safi kama maji ya chemchemi. Plant alikuwa hajazoea kuimba sauti za kupangana na mtu. Miaka yote katika Zeppelin alikuwa peke yake mbele, anaimba kila mara tofauti kidogo, kadiri pumzi inavyompeleka. Krauss anataka kila noti ikae mahali pake, leo, kesho na keshokutwa. Katika umri wa karibu miaka 60 ikabidi mzee arudi darasani, ajifunze kumngoja mwenzake.

Mtayarishaji T Bone Burnett akawachagulia nyimbo, karibu zote za watu wengine na nyingi zilizosahauliwa. *Raising Sand* ilitoka Oktoba 2007 na kufika nambari 2 Marekani. Wimbo mmoja ukashinda Grammy mapema 2008, na Februari 2009 zikaja tano kwa usiku mmoja, zikiwemo albamu ya mwaka na rekodi ya mwaka. Rekodi ya mwaka ilikuwa "Please Read the Letter", uleule wa Page na Plant wa 1998, ambao mara ya kwanza haukusumbua mtu. Uliimbwa taratibu, kwa sauti mbili zilizokaribiana, na barua ikasomeka.

Mbona ya pili ilichelewa hivyo?

*Raise the Roof* ilikuja Novemba 2021, miaka 14 baadaye. Plant hapendi kurudia palipofanikiwa. Katikati alitoa *Band of Joy* ya 2010 na Buddy Miller na Patty Griffin, akiwa amerudisha jina la ile bendi yake na Bonham, kisha zile mbili za Space Shifters, ya mwisho ikiwa *Carry Fire* ya 2017.

## Maswali ya pembeni na ya wabishi

Kwani huyu ni msanii wa kujitegemea kweli? Kila mara yuko na bendi.

Swali zuri kuliko yote. Kwetu ukisema solo, watu wanafikiria gita la solo, na mpiga solo hana maana bila ridhimu na besi chini yake. Plant yuko hivyohivyo. Tangu 1981 amekuwa na Honeydrippers, Priory of Brion, Strange Sensation, Band of Joy, Space Shifters na Saving Grace. Priory of Brion, ya 1999 na 2000, ilikuwa na mpiga gita wake wa enzi za kabla ya Zeppelin, Kevyn Gammond. Walizunguka kumbi ndogo kabisa, jina la Plant likiwa halimo kwenye jina la bendi. Huyu mtu hakuwahi kutaka kuwa peke yake. Alichokataa ni kukaa kuwa mlinzi wa kaburi la bendi moja.

Page na Jones wao walifanya nini?

Page alifanya muziki wa filamu, akaunda The Firm na Paul Rodgers, akatoa *Outrider* mwaka 1988 (Plant anaimba wimbo mmoja humo) na albamu moja na David Coverdale mwaka 1993. Baada ya miaka yake na Plant, kazi yake kubwa imekuwa kusafisha na kutoa upya kanda za Zeppelin, na anaifanya vizuri. Jones alipangia na kutayarishia wengine, kisha mwaka 2009 akawa na Dave Grohl na Josh Homme kwenye Them Crooked Vultures. Ukiwaweka watatu hawa pamoja utaona: mmoja anatunza, mmoja anasaidia, mmoja anahama.

Sauti ya zamani imekwisha?

Ile ya juu, ya kupasua mwaka 1969, imekwisha tangu katikati ya miaka ya 1970. Sikiliza rekodi za maonyesho ya wakati ule kwa mpangilio utaisikia ikishuka. Nyimbo za zamani akiimba sasa huzishusha funguo. Alichopata badala yake ni sauti ya chini yenye pumzi, ya mtu anayesema nawe mezani. Ninaipenda hii zaidi, na najua nitatukanwa.

Nianze na albamu ipi?

*Raising Sand*. Ukiipenda, nenda *Mighty ReArranger* ya 2005, ambapo jangwa na roki vinakutana vizuri kuliko popote. Ukizikataa zote mbili, baki na Zeppelin, hakuna dhambi.

Bado anapanda jukwaani?

Ndiyo. Bendi ya sasa ni Saving Grace, aliyoianza na majirani zake kutoka mpakani mwa Uingereza na Wales; anaimba pamoja na Suzi Dian, ambaye pia hupiga kodiani, na pembeni kuna banjo na selo. Walizunguka miaka kadhaa bila kutoa rekodi yoyote, mpaka Septemba 2025 albamu ilipotoka kwa jina la bendi. Nyimbo chache za Zeppelin zimo kwenye maonyesho, zimevuliwa umeme. Ukibahatika kupata tiketi, usipige kelele kuomba "Stairway".